Supo na lavema za kortizoni: namna ya kuzitumia bila zikugeukie, hatua kwa hatua

Nafanya kazi nyuma ya kontwari ya farmasi moja ndogo hapa Goma, upande wa Birere, na kila juma lazima mtu ainame karibu ya dirisha anitajie dawa na sauti ya chini sawa vile anaomba deni. "Dokta, uko na ile supo ya hemoroidi?" Mimi sio dokta, ni infirmye, lakini huku kwetu kila mwenye bluzi nyeupe ni dokta. Namuuliza ni supo gani, ananionyesha notisi ya ile ya zamani, imekunjwa mara nne mu mfuko ya suruali, na pale juu imeandikwa prednizoloni, dawa ya jamii ya kortizoni, zile za kutuliza uvimbe. Umeitumia siku ngapi, papa? "Eh, toka mwezi wa tatu." Na siku hiyo tuko mwezi wa saba.

Njo maana naandika. Watu wanaogopaga kidonge cha predni, wanaogopa sindano ya deksa (deksametazoni), lakini ile ya kuingiza nyuma, supo ya hemoroidi (bawasiri) ama lavema ya maji, wanaiona kama pomade tu, eti inafanya kazi palepale na inaishia palepale. Haiishii palepale.

Angalia. Ngozi ya ndani ya mkundu na ya utumbo wa mwisho (ndiyo, nitaita mambo kwa jina lake, tuko wakubwa) imejaa mishipa midogo ya damu. Mishipa ya upande wa chini haipitie kwanza ku ini ili dawa isagwe, inapeleka damu moja kwa moja upande wa moyo. Sasa chukua lavema ya hidrokortizoni, ile chupa ya mililita 60 yenye miligramu 100. Kwa mgonjwa mwenye utumbo umevimba na una vidonda, mpaka nusu ya ile dawa inaweza kuingia mu damu. Nusu ni miligramu 50. Mwili wako wenyewe, ukiwa mzima, kwa siku unatengeneza kortizoli, kortizoni yake ya asili, kama miligramu 15 mpaka 20 hivi. Ukigeuza ile 50 kwa hesabu ya predni unapata karibu vidonge viwili na nusu vya 5, kila usiku, na wewe unasema "mi sikunywaka kortizoni hata siku moja." Supo zenye hidrokortizoni zinaingia kidogo, karibu robo, na budezonidi, kortizoni ingine, ni nafuu zaidi juu sehemu kubwa yake ini linaisaga ikifika kule, lakini nafuu sio sufuri.

Hatua ya 1: soma jina kabla ya kutoa franga

Sio kila supo ya hemoroidi iko na kortizoni. Zingine ni za kutuliza maumivu tu. Geuza bwati, tafuta sehemu imeandikwa mchanganyiko, na kama unaona jina linaishia na -sone, -lone ama -nide, ni yenyewe: hidrokortizoni, prednizoloni, betametazoni, deksametazoni, fluokortoloni, budezonidi. Mara nyingi pembeni yake kuna dawa ya kufisha ganzi kama lidokaini ama sinkokaini, hiyo pia kuna watu inawaletea aleji, ngozi inawaka nyekundu na kuwasha, halafu wanazidisha dawa wakifikiri ni ugonjwa unaongezeka.

Ukinunua mbili-mbili bila bwati, zile wanakukatia na makasi, omba wakuonyeshe bwati. Ni haki yako, na muuzaji akikasirika nenda mlango wa pili, Birere hakuna upungufu wa farmasi.

Hatua ya 2: ujue unatibu nini, na hapa nakaa kidogo

Hii ndiyo hatua ambayo mimi mwenyewe niliivuka siku moja na bado inaniuma. Papa mmoja alikuja na damu mu choo, amejiambia ni hemoroidi, nikamuuzia supo za kortizoni, akarudi juma la pili nikamuuzia tena. Alikuwa na amibe, kale kadudu ka maji machafu kanachojeruhi utumbo. Kortizoni inazimisha askari wa mwili pale ku utumbo, na amibe ikikosa mtu wa kuipiga inachimba, vidonda vinaenda ndani, utumbo unaweza hata kutoboka. Yeye alipona, alilazwa siku mingi lakini alipona. Toka siku ile siuzi bila kuuliza.

Huku kwetu maji ya kunywa unayajua, amibe ni ya kawaida, kwa hiyo kabla ya kuanza kortizoni yoyote ya nyuma kama uko na kuharisha ama damu ambayo haijaelezwa, egzame ya choo kwanza. Na ile egzame ifanywe na choo freshi, kiende labo palepale, ndani ya nusu saa, sio kile ulifunga mu kichupa asubuhi ukakileta na pikipiki saa tano, juu amibe yenye kutembea inakufa haraka na labo itakuandikia "hakuna kitu" na itakuwa imekudanganya bila kutaka.

Kitu cha pili ni mnyoo mmoja anaitwa strongiloidi, anaingia kupitia miguu ukitembea bila viatu mu udongo wenye uchafu, anaweza kukaa ndani ya mtu miaka na miaka kimya kabisa. Ukimpa mwenyeji wake kortizoni anazaana bila kipimo, anasambaa mpaka mapafu, na mtu anaweza kufa. Dawa ya minyoo ya kawaida ya kumeza mara moja haimtoshi huyu, dawa yake ni ivermektini na ni munganga anapima kipimo chake. Kama umelima, umechimba, ama umekaa mu kambi bila viatu, mwambie munganga kabla.

Cha tatu ni kifua kikuu, hata kama ulikipata zamani na ukamaliza dawa. Kortizoni inaweza kuamsha kilicholala. Na cha nne, samahani kwa wenye haya: maumivu ya nyuma yenye usaha ama vidonda inaweza kuwa ugonjwa wa zinaa, herpesi, gonore, hata mpox nayo inaweza kuanzia pale. Kortizoni juu ya herpesi ni petroli juu ya moto.

Na damu mu choo kwa mtu amevuka miaka 45 ama amekonda bila sababu, usikubali kuitibu na supo mwaka mzima. Supo itatuliza, na kansa ya utumbo itaendelea kukua chini ya ule utulivu. Omba waingize kamera, kama haiko pale unapotibiwa wakutumie pengine.

Hatua ya 3: kaye

Nunua kaye ya mwanafunzi, ile ndogo. Ukurasa wa kwanza andika: jina la dawa, miligramu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha. Tarehe ya kuacha iandike siku ileile unaanza, sio utaona mbele. Kwa hemoroidi ni siku 7, basi. Kwa rektokolite, ule ugonjwa wa utumbo kuvimba na kutoka damu, lavema ya hidrokortizoni kawaida ni kila usiku siku 21, na kama juma la pili ama la tatu limeisha hujaona mabadiliko, dawa haikukubali, rudi kwa dokta badala ya kuongeza.

Kabla ya supo ya kwanza pima vitu vitatu na uandike: kilo, tansiyo, sukari ya damu. Kupima tansiyo na sukari mu farmasi haifiki bei ya bia. Bila hizo namba za kwanza hutajua kama kitu kimebadilika, utabaki unasema "naona kama..."

Hatua ya 4: kuingiza

Sehemu kubwa ya malalamiko ya kuwaka na damu haitokani na kortizoni, inatokana na mkono. Nenda choo kwanza. Nawa mikono, kata kucha. Supo ikiwa laini iweke mu maji ya baridi dakika chache ikiwa bado mu plastiki yake, watu wanaibeba mu sakoshi juu ya pikipiki mchana kutwa halafu wanashangaa inageuka uji. Lala upande wa kushoto, mguu wa kulia ukunje, pumua nje, sukuma polepole urefu wa kidole nusu, baki umelala robo saa.

Lavema: itikise, ishike mu mikono ama iweke mu maji ya vuguvugu mpaka ipoteze baridi, paka vazelini kidogo ku mdomo wa chupa, ingiza ukielekeza upande wa kitovu, na ukisikia ukuta usisukume. Ukuta ni utumbo wako na umevimba. Baki upande wa kushoto angalau nusu saa, na dawa ibaki ndani saa moja kwenda mbele, bora usiku mzima. Weka serviette ya zamani chini, shuka zitachafuka.

Na tafadhali mama zangu, msichanganye na lavema ya nyumbani. Najua kila nyumba iko na ile pwari ya mpira nyuma ya mlango, na bibi anajua majani, na pilipili, na tangawizi. Utumbo uliovimba, umelainishwa na kortizoni, ukiupigia pilipili unatafuta shimo. Weka pwari kando mpaka dawa iishe.

Kitu kingine wengi hawajui: supo ni mafuta, na mafuta inaharibu kapoti. Siku za supo, kapoti ya mpira wa kawaida usiiamini.

Hatua ya 5: kuangalia mwili, pale chini na kwingine kote

Pale chini, siku mbili tatu za kwanza kuwasha kidogo ama kuwaka kidogo kunaweza kupita kwenyewe. Kile hakipite: kuwasha kunaongezeka kila siku na kuna utando mweupe (kandida, ile kuvu, imepata nafasi), vipele vidogo kama vya kunyoa, ngozi inakauka na kupasuka, damu mpya ambayo haikuwako. Ukiitumia muda mrefu ngozi ya pale inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na rangi inapauka. Hii ya kupauka kuna mtu aliniuliza kama ni ukoma. Hapana, ni dawa.

Kwingine, hizi ndizo za mapema, zinaweza kuja juma la kwanza ama la pili: usingizi unakimbia, njaa inakushika saa nne za usiku, chunusi, miguu inavimba jioni, moyo unabadilika. Ule wa moyo usiudharau. Mtu anakuwa mkali, ama analia bila sababu, ama anafurahi kupita kiasi, anaongea mpaka saa nane za usiku, wachache sana wanafika mpaka kusikia sauti. Familia inakimbilia chumba cha maombi. Ombeni, sikatazi, lakini mukiomba mujue pia kuna chupa mu chumba yenye jina linaishia na -sone.

Halafu kuna ile ya uso. Hapa Goma hii ni mtego, juu uso ukijaa na mashavu yakatoka watu wanakupongeza. "Ah, mama, umependeza, mzee anakulisha!" Nilimwona mama mmoja wa Ndosho, uso mviringo kama mwezi, tumbo limetoka, nyama imejaa nyuma ya shingo, lakini mikono na miguu imekonda. Yeye alifurahi. Nilipima tansiyo, 17 kwa 10 (ndiyo 170 kwa 100). Kunona kwa chakula kunapita mwili mzima, kunona kwa kortizoni kunachagua uso, shingo na tumbo na kunaacha miguu ya fimbo, na mara nyingi kuna michirizi ya rangi ya zambarau ku tumbo. Ukiona hivyo kwako ama kwa jirani, usipongeze.

Sukari: kiu isiyoisha, kukojoa kila saa, macho ukungu. Kama tayari uko na diabeti utahitaji kupima mara nyingi zaidi, na dawa zako zinaweza kurekebishwa. Tansiyo pime kila juma. Macho yakiona ukungu ama mduara wa giza katikati, hiyo ni ya kwenda siku ileile. Na kama matumizi yanavuka miezi mitatu, mifupa inaanza kupoteza nguvu yake, hapo zungumza na dokta kuhusu kalsiyumu na vitamini D, na endelea na sambaza zako nzima na mifupa yake, zile sio kitoweo tu.

Askari wa mwili wakilala, homa nayo inaweza kuja kimya. Unaweza kuwa na maambukizo makubwa na joto lisipande. Ukikaa karibu ya mtoto mwenye surua ama tetekuwanga na hukuwahi kuugua ama kuchanjwa, mwambie munganga bila kungoja vipele. Chanjo zenye kirusi hai uliza kwanza.

Hatua ya 6: hesabu kortizoni zote, sio hii moja

Hii ndiyo inanichosha zaidi. Mtu anatumia supo, sawa. Lakini asubuhi anajipakaa krema ya kung'arisha yenye klobetasoli, nayo ni kortizoni, mwili mzima. Na dada yake amemletea vile vidonge vya kunonesha, deksa na siproheptadini (kortizoni pale ni deksa). Na iko na pompi ya asma yenye kortizoni. Kortizoni hizo zote zinaingia mfuko mmoja. Mwili haujui hii ilitoka mbele na hii nyuma. Andika zote mu kaye, na ukienda kwa dokta usiifiche ile krema, yeye anaiona ku vidole vyako tangu umeingia.

Dawa zingine za kutaja: ritonaviri, iliyo ndani ya baadhi ya dawa za VIH za mstari wa pili, inafunga mlango ambao ini linatumia kusaga kortizoni, basi hata kipimo kidogo cha budezonidi kinageuka kikubwa (ile ya mstari wa kwanza yenye dolutegraviri haifanyi hivyo). Ketokonazoli na itrakonazoli vilevile. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inaimaliza dawa haraka na unabaki bila nguvu yake. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa watu wanakula kama karanga, zikikutana na kortizoni tumbo linapata vidonda. Vidonge vya kukojoza vya tansiyo vinaweza kushusha potasiyumu pamoja nayo, utasikia misuli imelegea na moyo unarukaruka.

Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha, usijiuzie mwenyewe, omba ordonansi. Mtoto ndio kabisa: mwili wake mdogo unavuta dawa nyingi kupita wetu, na ikienda muda mrefu inamzuia kurefuka.

Hatua ya 7: kuacha

Siku 7 za hemoroidi zimeisha, acha tu, hakuna mambo. Lakini kama umevuka siku 21 za lavema, ama kama yule papa wa miezi minne, usikate ghafla. Tezi zilizo juu ya figo, ambazo ndizo zinatengeneza kortizoli, ziliona dawa inaingia kila usiku zikalala. Ukikata leo, kesho mwili hauna ya dawa wala ya kwake. Unashikwa na uchovu wa ajabu, viungo vinauma, kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu ukisimama, tansiyo inashuka.

Sasa niambie, mtu wa Goma akisikia hivyo anasema nini? Malaria. Anapima, hakuna kitu, anapewa dawa ya malaria hata hivyo, anazidi kuanguka. Sema wazi: "Niliacha kortizoni juzi." Ile sentensi moja inaweza kukuokoa kupita serum tatu.

Kwa lavema njia ya kawaida ni kuhama kutoka kila usiku kwenda usiku mmoja ndiyo usiku mmoja hapana, majuma mawili ama matatu, halafu kuacha. Lakini mwenye kupanga ni dokta wako, juu kama ulikuwa na krema na deksa pia, hesabu inabadilika.

Siku za kukimbia hospitali, mchana ama usiku, bila kunipitia mimi farmasi: tumbo limekuwa gumu kama ubao na linauma sana, damu nyingi ama choo cheusi kama lami, kuzimia, kutapika bila kukatika, homa na kutetemeka, macho yamebadilika ghafla, uso na midomo vimevimba na pumzi inabana. Na kama umetoka kupasuliwa utumbo juzi, uko na jipu ama fistula (kitundu kisichofunga) pale nyuma, hii dawa hukupaswa kuianza bila mpasuaji kujua.

Hatua ya 8: kisha kuacha

Zile tezi zikilala muda mrefu, kuamka kwake kunaweza kuchukua miezi, mpaka mwaka mzima. Ndani ya huo muda kama unapata ajali ya pikipiki, ama unaenda kupasuliwa, ama malaria kali inakulaza, mwili utaomba kortizoli nyingi na inaweza ikakosa. Kwa hiyo ile kaye usiitupe. Nakili mstari mmoja nyuma ya fishi yako ya matibabu: jina la dawa, "kwa njia ya nyuma", toka tarehe fulani mpaka tarehe fulani. Na umwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani pale unaiweka, juu siku utazimia sio wewe utaitafuta.